Mstari Mmoja Busatini kwa Haji

Miezi kumi na minne Turan hakuchemsha kitu ndani ya nyumba yake. Si mchuzi, si wali, si hata maji ya kukandia goti. Samovari, lile birika kubwa la chai, ilifukuzwa uani kama mlevi, na nguo zilianikwa kwa wifi yake. Chumba cha wageni, kile alichokipamba tangu harusi na kuwakataza watoto wa watu kukikanyaga, kilikuwa kimegeuzwa kiwanda: meza mbili, mashine ya kufyonza unyevu iliyokoroma mchana kutwa, na trei za vijikaratasi vyembamba kama njiti za kiberiti. Kijikaratasi kikipata mvuke, kimekufa. Jirani mmoja alikuja siku moja kuwaarifu msiba wa mamake, akaanza kulia, na Farrokh, mume wa Turan, akamshika bega akamtoa nje taratibu.

"Kalilie barazani, dada," alimwambia. "Machozi nayo ni maji."

Vijikaratasi vilibuniwa na Giti, binti yao wa pekee, mkemia wa miaka ishirini na tisa mwenye subira ya mchimba kisima. Unasaga pista, zile kokwa za kijani za kutafuna, unazikoroga kwenye spiriti, unachuja, unatumbukiza kijikaratasi, unangoja dakika nane. Mistari miwili ikitokea, kula. Ukitokea mmoja, mle mna sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayokula ini polepole hata mtu akadhani ni uzee. Hapo Rafsanjan, mji unaoishi kwa pista na kuzikwa kwa pista, mwenye ghala aliyetaka kujua hali ya mali yake alipeleka sampuli Tehran, akangoja wiki mbili. Wenye haraka walisafirisha bila kujua, na makontena yalirudishwa kutoka Ulaya yakiwa na barua fupi.

Farrokh alikuwa ameosha chupa za maabara ya ghala moja kwa miaka ishirini na miwili. Hakuwa mhandisi, lakini alitembea na kalamu mbili mfuko wa shati, na kwa watu wa kule hiyo inatosha. Mji mzima ulimwita Mhandisi. Kiinua mgongo chake kiliingia kwenye kampuni yao ya vijikaratasi, kikayeyuka. Kisha hati ya nyumba ikaenda benki kama rehani. Benki ilikuwa imesema mkopo ulipwe mwisho wa Aban, mwezi wa nane wa kalenda ya kule, na Aban ilikuwa imeshaanza.

Kupika kulihamia ng'ambo ya kichochoro, kwa wifi yake Shokuh. Kila adhuhuri Turan alivuka na sufuria chini ya buibui kama mwizi wa kuku.

"Leo tena kitunguu?" Shokuh aliuliza. "Jana vilikuwa vinne. Sasa viwili vinaniangalia kama mayatima."

"Kesho nitaleta, wifi."

"Ulete, usilete, mimi sisemi kitu. Nauliza tu, kaka yangu ni mhandisi wa nini hasa? Wenzake wanajenga madaraja. Yeye amegundua namna ya kuishi bila supu."

Turan alicheka, kwa kuwa jiko halikuwa lake.

*

Tumaini lote lilikuwa kwa Haji Esfandiyar, mwenye ghala kubwa kuliko yote kwenye barabara ya Kerman. Alikuwa ametoa kianzio kidogo na kuahidi toman bilioni mbili pista zikishavunwa. Wawekezaji wengine saba, mmoja daktari wa meno, mwingine mwalimu mstaafu, waliobaki watu wa kawaida wenye akiba za kawaida, walikuwa wametoa vianzio vyao, na juu ya salio wamesema kitu kimoja kila mtu kwa maneno yake: Haji akitoa, nasi tunatoa. Mji ule ulikuwa hivyo. Haji akikohoa, wanaume kumi walitafuta leso.

Jumatano alipiga simu. Njooni Ijumaa kwa chakula cha mchana, mje na hivyo vidude vyenu, wenzetu wote watakuwepo, tuone kwa macho, na palepale tumalize.

"Palepale," Farrokh alirudia baada ya kukata simu, akakaa chini kwanza. Kisha akamgeukia bintiye. "Wewe pima tu. Kuongea niachie mimi."

"Baba, usije ukasema hakikosei."

"Niseme nini?"

"Sema ukweli. Kwenye mia, kinapatia tisini na sita."

"Mtu mwenye bilioni mbili, mwanangu, hulala akiwaza hizo nne."

"Basi nami niwepo nimweleze hizo nne."

Turan alikuwa akipiga pasi shati la mumewe. Aliipiga pasi kola mara ya pili.

*

Mlangoni kwa Haji walisukumana kwa adabu robo saa nzima, tangulia wewe, haiwezekani, tangulia wewe, hata paka wa nyumba akachoka akatangulia yeye. Ndani palikuwa na busati la kuweza kulaza kikosi cha askari. Kitambaa cha chakula kilitandikwa kutoka ukuta hadi ukuta: wali wa zafarani, mwanambuzi mzima, ukoko wa rangi ya dhahabu, mtindi, na katikati bakuli la shaba lililojaa pista zilizopasuka midomo, zile ambazo watu wa kule husema zinacheka.

Haji mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole iliyowafanya watu wainame ili wamsikie. Aliwakalisha Farrokh na Giti kulia kwake. Turan alikaa karibu na Bi Badri, yule mwalimu mstaafu, aliyemfundisha Giti kusoma. Upande wa pili alikaa Daktari Khosrow, wa meno, ambaye alibangua pista kwa meno ya mbele huku akiwakataza wengine wasifanye hivyo.

"Daktari, mbona wewe?" Bi Badri alimuuliza.

"Mimi nikivunjika najitibu bure."

Walikula hadi mikanda ikalegezwa. Kisha Giti akafungua mkoba wake. Alikuwa na sampuli mbili alizoziandaa, moja safi, moja aliyojua ni mbovu. Alisaga, akakoroga, akachuja. Safi ikatoa mistari miwili. Mbovu ikatoa mmoja. Shingo zote zilikuwa zimenyooka, na Farrokh alieleza kila hatua kana kwamba ndiye aliyeumba ukungu.

"Na hakikosei?" aliuliza daktari.

"Hakikosei," alisema Farrokh.

Giti alitazama kiganja chake.

Haji alifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, na ndiyo iliyoleta balaa. Alichota konzi ya pista kutoka bakuli la shaba, akaziweka mbele ya Giti.

"Hizi ni za bustani ya marehemu baba yangu. Nazo pimeni, tuone."

"Haji, niwe fidia yako," alisema Farrokh, "hata kuzitazama kwa shaka ni dhambi."

"Pimeni tu."

"Tupime nini? Sisi tunakuamini kuliko macho yetu."

"Mhandisi, nasema mara ya tatu. Pimeni."

Kwa watu wale, ombi la kwanza ni adabu, la pili nalo ni adabu, la tatu ndilo ombi. Farrokh alimwashiria bintiye kwa kope.

Dakika nane ni ndefu. Wageni walizidi kula. Maganda yalirundikana mbele ya daktari kama kichuguu. Haji alisimulia jinsi baba yake alivyochimba kisima cha bustani ile kwa mikono, maji matamu hata punda wa kijiji wakawa hawanywi mengine, na watu walicheka pale palipostahili. Turan hakusikia habari za punda. Kijikaratasi kilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Alikuwa amekata na kubandika maelfu ya vijikaratasi vile, aliujua mwendo wao kama mama anavyoujua mwendo wa homa. Mstari wa juu ulichomoza, mwekundu, mwembamba. Chini palibaki peupe. Alingoja. Pakazidi kuwa peupe.

Mmoja baada ya mwingine wageni waliona. Meno ya daktari yalisimama juu ya pista moja, hayakubana wala hayakuachia. Giti alifungua mdomo, lakini baba yake alimtangulia.

"Unyevu," alisema Farrokh. "Samovari iko karibu mno. Hiki kimeharibika."

"Kuna samovari tangu asubuhi," alisema Haji kwa upole. "Vile viwili vya kwanza vilifanya kazi."

"Basi ni kundi hili lote. Lina kasoro."

"Baba," alisema Giti.

"Giti, funga mkoba."

Haji hakumtazama Farrokh, wala Giti. Aligeuka polepole hadi macho yake yakamfikia Turan.

"Bi Turan, wewe ndiye unayevikausha. Husemi uongo, mji mzima unakujua. Ni unyevu?"

Watu kumi na mmoja walikuwa wakimtazama. Mbele yake palikuwa na sahani yenye mifupa ya mbuzi wa Haji, na kando ya sahani maganda ya pista alizokula, kama ishirini hivi. Aliwaza nyumba. Aliona pia, kwa jicho la pembeni, mke wa Haji akiwa amesimama mlangoni na trei ya chai, mwanamke aliyemsindikiza Turan hospitali mwaka alipougua homa, uso umempauka kwa aibu.

"Ni kosa langu, Haji," alisema Turan. "Wiki iliyopita nilichemsha mchuzi ndani. Nikamficha Farrokh."

Busati zima likapumua. Mtu akacheka. Daktari akabana pista yake, ikapasuka kwa mlio, akasema wanawake na supu hawatenganishwi hata na sayansi. Haji akasema hakuna neno, binadamu ndivyo alivyo, leteni chai. Bakuli likazunguka tena, na kila mtu akachota, na wa kwanza kuchota alikuwa Farrokh.

*

Garini, walipopita mashamba, Giti aliuliza.

"Mama, ulichemsha mchuzi gani?"

Turan alipangusa ganda la pista lililonasa kwenye buibui.

"Nilikuwa na jibu," alisema Giti. "Jibu la kweli. Konzi moja si ghala. Kwenye gunia zima zinaweza kuwa mbovu tano tu, nazo zimeangukia bakulini. Ningemwambia hivyo angepata pa kutokea kwa heshima zake, nasi tungebaki na karatasi yetu. Mmenipa nafasi?"

"Nyumbani kwake," alisema Farrokh. "Busatini kwake. Mafuta ya mbuzi wake hayajakauka midomoni, umwambie baba yake marehemu alipanda sumu?"

"Kwa hiyo karatasi ndiyo iwe mbovu."

"Karatasi haina haya, mwanangu. Kesho tutatengeneza nyingine."

Lakini kesho haikuja hivyo. Jumapili daktari wa meno alipiga simu, sauti imejaa asali.

"Mhandisi, nakuheshimu kama kaka yangu. Ila bandarini Bandar Abbas kuna unyevu kuliko mchuzi wote wa shemeji yangu. Karatasi isiyostahimili sufuria itastahimili bahari? Kile kianzio changu, ukiweza, kabla ya mwisho wa mwezi."

Jumatatu wakapiga wawili. Jumanne wanne waliobaki, mmoja wao alituma mtoto wake aseme baba hayupo ila anataka pesa zake. Hakuna aliyetaja bakuli la shaba. Wote walitaja mchuzi. Kwenye foleni ya mkate wanawake walimuuliza Turan kama ulikuwa wa dengu au wa shayiri, na mmoja alitaka kujua kama kweli uliunguza mashine ya dola elfu kumi. Alijibu kuwa ulikuwa wa shayiri. Shokuh alimngoja jikoni mikono kiunoni.

"Miezi kumi na minne unapika kwangu, unamaliza gesi yangu, kumbe na kule ulikuwa unapika?"

"Ndiyo, wifi."

"Mwongo," alisema Shokuh, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikosa mzaha. "Ningesikia harufu. Pua yangu inanusa hadi Yazd." Akamsogezea kitunguu, akamgeuzia mgongo.

*

Haji Esfandiyar alikuja Alhamisi, peke yake, bila kupiga simu. Alikataa chai mara tatu, akainywa uani. Kisha akaingia ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaiweka juu ya meza ya vijikaratasi.

"Nilizituma Tehran, za bustani ya baba. Nililipia haraka. Sumu ni mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa." Aliongea kama anayesoma hali ya hewa. "Karatasi yenu inasema kweli, binti yangu. Hongera."

Farrokh aliinuka nusu, uso umemng'aa. "Haji, nilijua! Basi tuwaite wenzetu, wewe ukiwaambia..."

"Niwaambie nini, Mhandisi? Kwamba nimewalisha?"

Farrokh akakaa.

"Wenzenu wameondoka," aliendelea Haji. "Kampuni isiyo na wawekezaji ina bei ya meza zake. Mimi siwatakii mabaya. Nitalipa benki, hati ya nyumba irudi. Nitawarudishia wale saba vianzio vyao, wasiwasumbue. Giti atafanya kazi kwangu kwa mshahara mzuri. Kwa hayo, kampuni ni yangu, fomula yake pamoja na jina lake, na vijikaratasi haviuzwi kwa mtu mwingine. Vitapima ghala langu tu."

"Na bilioni mbili?" aliuliza Farrokh kwa sauti ndogo.

"Zile zilikuwa za kununua nusu ya kampuni inayoaminika."

Giti alikuwa amesimama dirishani. "Ikitoka mistari miwili, zinaenda wapi?"

"Ujerumani."

"Ukitoka mmoja?"

"Ujerumani hawapokei mmoja."

"Nani anapokea?"

Haji alivuta shanga mbili tatu za tasbihi. "Binti yangu, watu wamekula pista hizi miaka elfu. Baba yangu alizila kila siku ya maisha yake."

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Ini," alisema Haji, kama mtu anayetaja jina la mtaa, na kwa muda mfupi alionekana mzee. Alipoinuka alimwambia Turan polepole, "Siku ile uliniokoa mbele ya wageni wangu. Sitasahau. Jumamosi nataka jibu."

Alipotoka, Giti alisema hatafanya. Farrokh akasema basi wahamie wapi, kwenye trei? Giti akasema kama Bi Badri na wengine wawili wangerudi, wangelipa benki awamu moja, wangepata miezi mitatu, wangewauzia wakulima wadogo. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ilikuwa na pengo moja tu, nalo Turan alilijua kwa kuwa ndiye aliyelichimba.

Akavaa buibui.

*

Bi Badri alikuwa akimwagilia maua ya dirishani. Alikuwa ametia kwenye kampuni marupurupu yake ya kustaafu, miaka thelathini ya chaki.

"Nimekuja kukuambia jambo, mwalimu. Sikuchemsha mchuzi."

"Kaa, Turan."

"Karatasi ni nzima. Haji amezipima pista zake Tehran, ni mara nne ya kiwango. Nilidanganya. Wewe na wale wengine mkirudi, hata kidogo tu..."

"Najua hukuchemsha," alisema Bi Badri.

Turan alimtazama.

"Sote tulijua. Unadhani daktari ni mjinga? Alienda nyumbani akajitapisha, mkewe ameniambia. Mimi mwenyewe sikulala. Kijikaratasi kile niliona kikisema kweli kabla mumeo hajatia neno." Alipangusa jani moja kwa kidole. "Mwanangu ameajiriwa kwenye mizani ya Haji. Mkwe wa daktari ana lori linalobeba magunia ya Haji. Wale wengine, hesabu mwenyewe."

"Kwa hiyo mliondoka kwa sababu ya..."

"Karatasi mbovu ningeivumilia, Turan. Ningesema watoto wanajifunza, nikawaachia pesa mwaka mwingine. Lakini nzima? Mtu anayeweka pesa kwenye karatasi nzima anamwambia Haji kwamba yeye aliuona ule mstari mmoja. Ulipotutolea mchuzi wako, uliona tulivyoupokea. Tulikushukuru sote. Kunywa chai."

Turan alikunywa, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa.

*

Farrokh alitia saini Jumamosi saa nne, kwa kalamu mojawapo ya zile mbili. Giti alitia saini yake chini, bila kukaa. Hati ya nyumba ilirudi kabla ya Aban kwisha, imewekwa kwenye bahasha safi.

Wiki iliyofuata Giti alianza kazi kwenye ghala. Alipima tangu asubuhi, akaandika namba kwenye daftari, akikaza midomo kila alipofika kwenye mstari mmoja. Alimwomba Haji mara mbili magunia hayo mabovu yachomwe. Mara zote mbili Haji alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama amekula. Kazi ya kuandika juu ya magunia alipewa Turan, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri na Haji hakutaka macho mengi mle ndani.

Ya mistari miwili yalipangwa kulia. Ya mstari mmoja kushoto, na dereva wa lori, kijana mchangamfu, akaja kuyapakia.

"Hapa niandike nini?" Turan alimuuliza.

"Andika 'za mjini', mama. Sikukuu ya usiku wa Yalda imekaribia, nyumba zote zitataka pista. Mwaka huu hata sisi watatugawia kilo mbili mbili."

"Wewe una watoto?"

"Wawili. Mkubwa anazipenda hizo, anakula na maganda." Dereva akacheka. "Andika wazi, mama, wasije wakakosea wakazipeleka nje."

Turan aliinua kalamu. Alimwona Giti mezani, amewapa mgongo. Kupitia mlango alimwona kijana mmoja mizanini, mtoto wa Bi Badri, akimpungia mkono kwa heshima.

"Mwanangu," alimwambia dereva, "hizo kilo mbili zako..."

"Naam?"

Karani wa ghala alipita nyuma ya dereva, akasimama kufunga kamba ya kiatu. Alichukua muda mrefu kwa kiatu kimoja.

"Hizo kilo mbili zako, utapewa lini?"

"Alhamisi, mama. Usijali, nawe watakugawia."

Akaandika. Za mjini. Za mjini. Herufi zilinyooka, zote kimo kimoja. Kwenye gunia la tisa wino ulikwisha, akabaki ameinama na kalamu kavu mkononi. Dereva alipapasa mfuko wa shati. Alikuwa na kalamu nyingine.